Mbao za Sebuleni kwa Mayu

Waliokuwepo Jumapili ile ni hawa: Mayu, mwenye nyumba, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mwanawe wa kwanza, aliyetoka Dodoma na gari lake, amevaa suti ya bluu iliyokolea, mdogo wangu wa kike, anayesomea ualimu, ameshika trei ya soda, mdogo wetu wa mwisho, dereva wa bodaboda, amesimama dirishani na kofia yake ngumu kwapani kama askari wa gwaride, na mimi, fundi, nimejibanza nyuma ya pazia la korido, rangi imenikaukia kwenye nyusi. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia habari ile kivyake, na katika masimulizi yote manne mjinga ni mimi. Nimeona niandike la tano. Humu pia nitakuwa mjinga, ila angalau nitaeleza nilifikaje pale.

Mayu si mama yetu. Hilo ni neno la Kisukuma la mama, na mtaa wetu mzima hapa Kahama unamwita hivyo kwa sababu alikuwa mkunga na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Sisi tulikuwa wapangaji wake, vyumba viwili vya uani. Baba alitangulia, mama akamfuata miaka mitatu baadaye, mimi nikiwa kidato cha pili. Baada ya matanga ndugu walikaa kikao wakatugawana: mmoja aende Ushirombo, mmoja Mhunze, mimi niende Geita kwa shangazi. Mayu alisikiliza kikao mpaka mwisho, kisha akasema watoto hawaendi popote, vyumba vyao vipo. Hakupandisha sauti. Ndugu waliondoka na mabasi ya mchana, na nadhani walishukuru.

Nikaacha shule, nikawa mkuu wa familia. Kazi yangu ya kwanza katika cheo hicho ilikuwa mafuta. Nilikuwa nimeshawishika kwamba yatima anajulikana kwa miguu. Mwenye mama ananang'anika, asiye na mama anapauka. Basi kila asubuhi niliwapanga wadogo zangu mlangoni nikawapaka mafuta ya mgando kuanzia nyayo hadi masikio. Tulikosa sukari, tulikosa daftari, lakini hatukupauka. Mdogo wetu wa mwisho anadai kwamba mwalimu wa zamu hakuwahi kumkamata shuleni kwa sababu kila akimshika mkono anateleza.

Baadaye nilijifunza kupaka rangi kwa fundi mmoja mzee, Msukuma wa Maganzo, mtu wa maneno machache ambaye alinikubali baada ya kuona kwamba siogopi kupanda ngazi. Kahama inajengwa kila siku. Watu wa migodini wanataka pa kulala, wafanyabiashara wa mchele wanataka pa kuuzia, na kuta zote hizo zinataka rangi. Nikawa mwepesi wa rola. Lakini nilichokijua ni plasta. Mbao sikuwahi kuzigusa, isipokuwa milango, na hata milango mzee alikuwa akiipaka mwenyewe mimi nikishika kopo.

Sebule ya Mayu ilikuwa ya mbao. Marehemu mumewe alikuwa seremala, na katika miaka yake ya nguvu alizivalisha kuta zote nne mbao za mninga, zimesimama wima, ubao kwa ubao, kuanzia sakafuni hadi darini. Kila Noeli alizipiga vanishi upya. Miaka thelathini ya Noeli iliganda pale mpaka mbao zikawa na rangi ya kahawa isiyo na maziwa, zinang'aa kama kioo, na sebule yenyewe ni giza saa sita mchana.

Wakati macho ya Mayu yalikuwa mazima hilo halikuwa tatizo. Kisha yakaanza kufifia. Alikuwa anauona mwanga, anayaona maumbo, lakini kitu cheusi mbele ya kitu cheusi hakioni. Akajikwaa kwenye stuli akaanguka, akavimba mkono. Mwanawe alipopata habari alipiga simu kutoka Dodoma akasema atakuja baada ya wiki mbili, Jumapili, na kama nyumba bado ni pango atamchukua mama yake akakae naye. Mayu alituambia hayo huku anapepeta mchele kwa kupapasa. Alisema Dodoma hamjui mtu, kaburi la mumewe liko hapa, jumuiya yake ya sala iko hapa, kuku wake wako hapa. Alisema pia kwamba mwanawe ana haki ya kuogopa. Kisha akanyamaza, na kwa Mayu kunyamaza ndiko kulia.

Mpango ulikuwa rahisi. Sebule ikiwa nyeupe, Mayu anaona njia, anabaki. Isipokuwa nyeupe, anaondoka. Nikasimama katikati ya uwanja nikasema nitaipaka mimi, bure, iwe malipo ya ile miaka aliyotufuga bila kutaja kodi. Mayu akauliza kama naziweza mbao. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma hadi chuo kikuu:

"Mbao ni ukuta tu, Mayu."

Akasema haya, basi deni ni sebule.

Mzee wangu wa kazi hakuwepo mjini. Alikuwa amekwenda Maganzo kumwangalia kijana wake aliyeshuka duara, yaani shimo la kuchimbia almasi, akisubiri jiwe ambalo mpaka leo halijatoka. Nikampigia simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Nikamweleza: mbao, mninga, vanishi ya miaka mingi, nataka nyeupe. Akanijibu kwa ufupi wake. Osha kwa sabuni ya unga, suuza, ziache zikauke. Kisha sugua mpaka zinone. Zikishanona, paka praima, ile rangi ya chini. Nilipouliza nisugue na nini, simu ikakata, na nilipopiga tena nikaambiwa hapatikani.

Mpaka zinone. Nilielewa mara moja, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe aliyenona unamjua kwa mbali: ngozi imejaa, imelala, inameremeta juani. Nikaona mzee wangu ni mshairi. Anataka mbao zishibe kwanza, zimeremete, ndipo zipokee rangi. Na kama kuna kitu nilikuwa na uzoefu nacho wa miaka mingi, ni kukipaka kitu mafuta mpaka kikameremeta.

Mdogo wangu wa kike alinikuta nazifuta zile mbao na akaniuliza mzee alisemaje hasa. Nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Dada, labda alisema zinune."

"Mbao zina mdomo wa kununa?"

"Na zina tumbo la kunona?"

Nikamwambia simu nimeongea mimi, si yeye. Nikaongeza kwamba tangu aanze chuo amekuwa mjuaji sana. Hilo la mwisho nalirudia hapa kwa aibu, maana ada ya chuo naihangaikia mimi, na kumbe nilitaka asome bila kujua kitu. Kisukuma kina sauti inayokaa katikati ya u na o, na wazee wetu wanapozungumza Kiswahili hubaki nayo. Nimeishi na sauti hiyo maisha yangu yote. Lakini siku ile niliamua ni o, na nikishaamua huwa sirudi nyuma. Watu huliita jambo hilo msimamo. Wadogo zangu wana neno jingine.

Nikanunua mafuta ya mgando, kopo kubwa la familia. Kwanza niliziosha mbao vizuri, na kwa kweli kuosha huko ndiyo kazi pekee niliyoifanya sawasawa wiki ile. Zilipokauka nikachukua fulana kuukuu nikaanza kupaka. Ubao baada ya ubao, nikiingiza kidole kwenye mifereji ya katikati ili mafuta yafike kila mahali. Nilipaka siku mbili. Sebule ilimeremeta kama fahali wa maonyesho. Mdogo wetu wa mwisho alichungulia, akasema sasa tuzipeleke mbao mnadani. Nikamfukuza.

Praima ilipogusa ukuta ilikataa. Ilijikusanya vitone vitone, kama maziwa yaliyomwagika kwenye sufuria yenye mafuta. Fundi mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilipaka tena. Ilipokataa tena nikaongeza ya tatu, nzito, nikaibandika kwa brashi pana kama mtu anayekandika nyumba kwa udongo. Ikashika. Au tuseme ilichoka kukimbia. Juu yake nikapaka rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, mikono miwili, yaani mara mbili. Ijumaa jioni sebule ilikuwa nyeupe.

Nilimshika Mayu mkono nikamwingiza Jumamosi asubuhi. Alisimama mlangoni. Akanyoosha mkono wake mbele akautazama, mkono mweusi mbele ya ukuta mweupe, akaugeuza huku na huku. Akasema anaviona vidole. Akatembea peke yake mpaka kwenye kabati, akazunguka stuli ile iliyomwangusha, akarudi akakaa. Hakusema wabeja ya Kisukuma wala asante ya Kiswahili. Alisema, "Kesho ataona." Kwa siku moja kamili mimi nilikuwa fundi bora kuliko wote kutoka Kahama hadi Geita.

Mwanawe alifika Jumapili baada ya misa. Wadogo zangu walimwamkia, akaitikia marahaba akiwa bado anaangalia kuta. Alipenda. Niliona kwa pembeni ya pazia jinsi mabega yake yalivyoshuka. Alimwuliza mama yake kama anaona vizuri, na Mayu akamwambia rangi ya suti yake, akapatia. Akamwambia pia kwamba amenenepa. Mdogo wangu akaleta soda na wali na kuku, na Mayu akasema tusimame tusali.

Sala ya Mayu ni ndefu. Ilifika kwa marehemu wote, ikaingia kwa wagonjwa, ikaanza wasafiri. Mwanawe, aliyeendesha gari tangu usiku, alichoka kusimama akaegemeza kiganja chake ukutani. Siku ile ilikuwa ya joto kali. Tulipojibu amina akaondoa mkono wake, na ukuta ukaja nao.

Haukubanduka kipande kidogo tu. Rangi ilifuata kiganja ikaendelea kushuka, pana kama khanga, ikavuka mbao nne, tano, ikijikunja taratibu bila sauti kama utando wa maziwa yaliyopoa. Sehemu nyingine ikamlalia begani juu ya suti. Nyuma yake mninga ulikuwa pale pale, mweusi, unameremeta, umenona.

Kisha mdogo wetu wa mwisho, kutoka dirishani, akasema kwa upole mkubwa, "Kaka, umeuvua ukuta shati."

Mwanawe Mayu hakucheka. Aliuliza fundi ni nani. Wadogo zangu, ambao nimewalea kwa jasho langu, waligeuka wote wawili kwa pamoja wakalitazama pazia. Nikatoka.

"Chini ya rangi umepaka nini?"

"Mafuta, kaka."

"Mafuta gani?"

"Ya mgando."

Akakitazama kiganja chake, kama mtu anayetafuta swali ambalo jibu lake halitamuumiza. "Yale ya kujipaka?"

"Yale yale."

Mayu, ambaye hakuwa ameona vizuri kilichotokea lakini alisikia yote, alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanawe alisubiri amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na si ya mtu mwenye hasira, kwamba nyumba hii haifai, hawa watoto wana nia njema lakini hawawezi, na mama ajiandae, kesho asubuhi wanaondoka.

Ndipo niliposikia uzito wa nilichokifanya. Mpaka pale ilikuwa aibu yangu, na aibu nimeizoea. Sasa ilikuwa safari ya Mayu.

Mayu alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Siwezi kuondoka. Nina fundi ndani."

"Mama, fundi huyu?"

"Huyu huyu. Mtu hafungi nyumba fundi hajamaliza. Vyombo viko uani, kuta ziko uchi, nimwachie nani? Akimaliza, tutaongea."

Mwanawe akauliza nitamaliza lini. Mayu akageuza uso wake upande niliokuwa nimesimama, macho yake yakatua kidogo pembeni yangu, kwenye kabati. "Utamaliza lini, mwanangu?"

Mimi ni mtu wa kesho. Maisha yangu yote nikiulizwa jambo litakuwa tayari lini hujibu kesho, kisha nakesha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwona mdogo wangu wa kike ameshika trei, ananitazama kama anavyomtazama mtoto wa darasa la kwanza anayekaribia kukosea. Nikalimeza.

"Sijui, Mayu," nikasema. "Hii ni kazi kubwa."

Yule bwana alitazama suti yake, akatazama ukuta, akamtazama mama yake aliyekuwa amekaa wima kama jaji. Akakaa. Akaomba wali wake upashwe moto. Kesho yake aliondoka peke yake, akisema atarudi kazi ikiisha.

Mzee wangu alirudi kutoka Maganzo wiki iliyofuata, bila almasi. Nilimpeleka sebuleni nikamwonyesha. Alipitisha ukucha kwenye mbao, akaunusa. Akauliza ni nini. Nikamwambia alisema zinone. Akanitazama muda mrefu, kisha akavuta midomo yake mbele, akakunja uso, akakaa hivyo kama mtoto aliyenyimwa andazi. Alikuwa ananionyesha. Zinune. Ziwe na sura ya kukasirika, zipoteze mng'ao, ndipo rangi ipate pa kushika. Ukuta unaokuchekea, alisema, haushiki kitu. Akasema wenzake wa kazi wote husema hivyo, na wala hakuwaza kwamba neno hilo lingehitaji maelezo. Kisha akaniuliza kopo lilikuwa la ukubwa gani, na nilipomwambia la familia, alitoka nje akakaa kibarazani mpaka akatulia.

Kwa hiyo nikaanza upya, na sasa nilifanya kama alivyotaka. Kwanza kubandua rangi yote kwa kisu cha puti, kazi ambayo kwa jinsi nilivyoipaka ilikuwa rahisi kwa aibu. Mbao nyingine zilijivua zenyewe. Kisha kuyatoa mafuta. Nilifuta kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, nikatupa kitambaa, nikafuta tena kwa kitambaa kipya, nikaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikasubiri, nikamwagia matone ya maji nione kama yanatawanyika au yanajikusanya. Yalijikusanya. Nikarudia. Ile mifereji niliyoijaza mafuta kwa kidole changu mwenyewe nilikuja kuisafisha kwa kijiti kilichoviringishiwa kitambaa, mmoja mmoja, nikimlaani msichana fulani mwenye msimamo.

Kisha msasa. Wa kati kwanza, halafu laini, kufuata mshipa wa mbao, bila kuutafuta mninga wenyewe chini, ila kuua tu ule mng'ao wa vanishi. Vumbi lilikuwa jeupe, likanikaa miguuni na mikononi. Nilijitazama jioni ya kwanza nikaona nimepauka kuliko yatima yeyote aliyewahi kukanyaga Kahama. Mbao nazo zilipauka. Nilisimama mbele ya ukuta ule mkavu, wa kijivu, usio na furaha hata kidogo, na mkono wangu ukataka kitambaa na mafuta. Ilibidi niuweke mfukoni.

Praima ikashika. Haikukimbia, haikujikusanya, ilinywewa na kutulia. Wekundu wa mninga ulijitokeza kidogo juu yake kama madoa ya chai, mzee akasema ni kawaida, nikapaka mkono wa pili yakafunikwa. Nikapiga msasa mwepesi tena, nikafuta vumbi, nikapaka nyeupe. Nilipomaliza ukuta wa kwanza nilibandika utepe wa gundi nikauvuta kwa nguvu. Ukaja utepe peke yake. Nikamwita mdogo wangu wa kike aje aone. Aliona, akabandika na kuvuta utepe mwingine yeye mwenyewe, kisha akarudi kwenye vitabu vyake.

Nikamaliza wa pili, nikamaliza wa tatu. Mayu anatembea sebuleni bila kupapasa. Ukuta wa nne, ule wa nyuma ya kiti kirefu, bado mweusi. Nilipotaka kuuanza, Mayu alisema kuku ameatamia nyuma ya kiti, harufu ya tina itamtoa. Vifaranga walipototolewa akasema mvua zinanyesha, rangi haitakauka. Mvua zilipokatika akasema jumuiya inasali kwake mwezi huu wote. Mwanawe hupiga simu kila Jumapili, na namsikia Mayu akimjibu bila wasiwasi wowote kwamba bado, fundi yumo ndani.

Juzi nilimwambia kwamba mimi siwezi kulala nikiwa na kazi nusu. Nikamwambia kuta tatu zinatosha mwanga wake, hivyo aniache nimalize wa nne, tufute deni, na kwa mwanawe tutatafuta maneno mengine. Alikuwa anachambua maharage, anayaona vizuri kabisa mbele ya ukuta mweupe.

"Uliniahidi sebule," akasema. "Sebule ina kuta nne. Umelipa tatu, bado nakudai."

Nikamwuliza basi nilipe lini. Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani, akasema nisimharakishe. Msasa wa ukuta wa nne nimeshaununua, uko juu ya kabati. Deni liko pale pale, mbao ishirini na mbili.